Ng'ombe Aliyeitwa Lori

Mama hakuwa na kalenda, alikuwa na ng'ombe.
Mbarali, yule mweupe mwenye doa puani,
alizaliwa kabla hatujaambiwa
kwamba sisi ndio tuliokausha mto.
Faini, mtamba mwekundu, alizaliwa wiki ile
tuliyouza wenzake kumi na wawili
ili tulipie ruhusa ya kufukuzwa.
Na Lori alizaliwa ndani ya lori,
kati ya Ikwiriri na Somanga, usiku,
dereva anapiga honi, hataki kusimama,
mama akimfuta ute kwa kanga aliyojifunga.

Tukashushwa Namikulo, bonde la Mbwemkuru,
na karatasi yenye muhuri: hapa ndipo penu.
Wenyeji walitutazama
kama watazamavyo mvua
inayoikuta mikorosho ina maua.
Bi Somoe Chingwile peke yake alileta mihogo,
akachungulia kibuyu: Mnayanywa hivihivi?
Mwaka wa pili alirudi na debe.
Alitaka samadi.

Wa nne, mkutano.
Ramani, soda za moto, daftari la mahudhurio.
Tukasaini mahudhurio.
Baadaye tukaambiwa ile ilikuwa ridhaa.
Hekta elfu nane za mibono,
mafuta yake yatarusha ndege,
na ardhi hii, alisema mtaalamu, ni tupu.
Tupu!
Nilikuwa nimekaa mbele yake.
Lori alikuwa akicheua nyuma yake.

Mama akahamishia zizi ng'ambo ya mtaro.
Mimi nikachukua kazi ya ulinzi. Sijifichi.
Buti, filimbi, laki na nusu kwa mwezi,
mifugo isivuke.
Siku Lori alipovuka kutafuta zizi lake la zamani
niliandika kwenye daftari la kampuni:
mnyama mmoja, jike, kahawia.
Mama alifungua pindo la kanga,
akahesabu elfu ishirini na tano,
akanitia mkononi.
Nkwabi, alisema, niandikie risiti.

Trekta mbili zilivuta mnyororo mnene kama paja,
mitondoo ikalala, mininga ikalala,
mpingo mmoja ulikataa, ukachomwa siku tisa.
Msimu wa kwanza udongo ulinukia.
Wa pili ulipeperuka, tukaula na ugali.
Wa tatu mvua ilidunda juu yake kama juu ya bati,
ikateremka kwa hasira,
ikachimba korongo la kumeza baiskeli na mwenyewe.
Mchwa walihama.
Nao hawakupewa fidia.
Mibono ikazaa kokwa
ndogo kama vifungo vya shati la mtoto.

Kampuni iliondoka Ijumaa,
na mishahara yetu ya miezi mitatu.
Filimbi waliniachia.

Juzi alikuja kijana wa kupima udongo,
keekee ndefu begani, kofia mpya.
Kila alipotoboa, chuma kilirudi na vumbi.
Kisha akafika pale katikati,
akasimama kama aliyeitwa:
hatua arobaini kwa thelathini za kijani,
ukoka hadi gotini, uyoga,
mbawakawa wanasukuma vidonge vyao.
Keekee ilizama yenyewe. Udongo mweusi,
wa kushikana kama unga uliokandwa.
Alizunguka mara tatu, akapima kingo,
akaniuliza hapa palikuwa na nini.

Niliiona kona ya kufungia ndama.
Nililiona jiwe la mama la kukalia akikamua.

Nikamjibu: Walisema patupu.
Akaandika.

Mama yuko Liwale sasa, au mbele ya Liwale,
simu hushika akipanda kichuguu.
Jana alinipigia: Lori amezaa, dume, miguu myeupe.
Nikamuuliza amempa jina gani.
Hajampa.
Kuna gari limepita asubuhi, alisema,
watu wameshuka, wamepiga picha nyasi,
hawakusalimia mtu.
Anasubiri kwanza.