Mkwaruzo

Kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi, mjini Łódź,
orofa ya nne, kwa Bogumiła, lifti mbovu tangu Pasaka.
Sharti: santuri moja kwa kila mtu,
upande mmoja tu, na mdomo ufungwe
mpaka sindano iinuke.
Atakayekohoa ataosha vyombo.

Ziemowit, dereva wa tramu, huleta wapiga ngoma.
Anataka kusikia mbao, anataka kusikia ngozi,
brashi ichakarike kama mtu anayefagia mchele.
Ukimletea mwimbaji hununa:
"Maneno? Abiria wananitosha."
Leokadia alifuma vitambaa kiwandani miaka thelathini;
besi ikitembea sawasawa
vidole vyake huanza kutafuta uzi uliokatika.
Wincenty, daktari wa meno, ana makabati matatu ya jazi
na hana anachokipenda.
Anajua tarehe, anajua studio,
anajua nani aliumwa tumbo siku ile.
Tunamsikiliza kama tunavyosikiliza mvua. Hatubishani nayo.

Mimi nampenda yule anayekosea noti
kisha akalirudia kosa lake makusudi,
mara mbili, mara tatu,
hata likaacha kuwa kosa.
Oktoba nilileta mpiga saksafoni wa namna hiyo.
"Huyu amelewa," akasema Leokadia.
Tukabishana mpaka tramu ya mwisho ikatupita,
na dereva tunaye humu humu ndani,
anapiga meza kwa ngumi.

Bogumiła huleta ile ile.
Jalada la kijani, picha ya kiti kitupu,
vijana watano wa Gdynia, hakuna ajuaye walikoishia,
hata Wincenty.
Katikati ya kibao cha pili tarumbeta inapanda,
inapanda, halafu *tik*.
Inarudi chini. Inapanda. *Tik*.
Hapo ndipo Ksawery, mumewe, alipokuwa akiinuka
na kuisukuma sindano kwa kidole kimoja,
polepole, kama anayemwamsha mtoto aende shule.
Sasa Bogumiła huinuka mwenyewe. Hatua nne za zulia.
Ile *tik* tunaijua sote;
Leokadia huigongea kijiko kwenye bilauri.

Januari nikatenda wema.
Nikaipata nyingine, safi, kwa muuzaji wa Bydgoszcz,
ikafika imelazwa kwenye pamba kama yai.
Bei sitaitaja, mke wangu bado hajui.
Nikamkabidhi mbele ya wote.
Akaipangusa kwa mkono wa sweta, akaiweka.

Tarumbeta ikapanda.
Bogumiła akainuka.
Tarumbeta ikapita,
ikapita hivi hivi, laini, kama tramu isiyosimama kituoni,
ikapiga noti sita tusizozijua,
kisha piano ikapokea.
Noti sita tu. Nzuri, sikatai.
Naye amesimama katikati ya zulia,
kidole mbele, hakina cha kugusa.

Hakuna aliyekohoa.
Sindano ilipoinuka, kimya kilikaa tu pale.
Wincenty ndiye aliyesema, "Sikujua kama zipo,"
na safari hii hakuwa akimfundisha mtu.
"Ksawery naye hakujua," akasema Bogumiła.
Akaenda jikoni, tukasikia bomba likifunguliwa.
Akaosha vyombo vyote, ilhali hakukohoa.

Kwenye ngazi akanirudishia santuri.
"Kaa nayo wewe. Nitakuja kuisikiliza kwako."
Hajaja. Naipiga usiku, sauti ya chini,
na mguu wangu, mpumbavu, bado huisubiri *tik*.

Februari akaleta ile ya zamani.
Tarumbeta ikapanda, ikakwama, akainuka, hatua nne.
Lakini hakuigusa.
Akaiacha irudi mara tatu, mara tano,
kichwa amekiinamisha
kama anayetafuta kitu kilichoangukia chini ya kitanda.
Kijiko cha Leokadia kikanyamaza.

Ziemowit akakohoa.
Nadhani makusudi.