Kuzoa Herufi

Asubuhi ya pili tulipewa koleo, glavu na barakoa,
na msimamizi wetu, Delroy Pinnock, akasema:
anzeni na sauti.

Maana sauti zilikuwa zimeanguka.
KABUUM zima, la manjano, ukingo mwekundu,
limelala toka benki hadi kituo cha tramu.
B imebonyeza paa la dobi, kwa Bi Wieczorek.
U moja imejaa theluji kama beseni.
Ile M tuliikata kwa msumeno wa moto
saa nne nzima, cheche zikituruka usoni,
na bado ikawa inanguruma ndani kwa ndani
kama paka mgonjwa.

Wahenga walisema yakimwagika hayazoleki.
Haya yanazoleka. Kwa tani.
Malori kumi na saba hadi ziwani,
na karani anaandika kila safari.

Adhuhuri amekufa, mmesikia.
Amepewa ukurasa mzima, ule wa kukunjua,
joho linampepea na upepo hakuna,
na Zebaki, adui yake, amepiga goti,
analia chozi moja
lililotiwa mng'aro kwa uangalifu mkubwa.
Mji mzima ulipanga foleni kuweka maua.
Nami niliweka. Sikukosa adabu.
Aliwahi kunishushia mwanangu kutoka juu ya mnara,
akamfuta na kamasi.

Lakini mimi namtafuta Lucjan.
Mnamjua: dereva wa tramu namba tisa,
yule wa kushoto, toleo la themanini na mbili,
nyuma ya bega la shujaa,
macho nukta mbili, mdomo hakuna.
Mchoraji alikuwa na haraka.
Mdomo nilikuwa naujua mimi.
Ulipasuka katikati kila majira ya baridi,
ulinuka vitunguu,
na haukukoma kulalamikia bei ya mafuta ya kupasha nyumba.

Fomu ya bima ina visanduku vinne:
moto, mafuriko, wizi, mengineyo.
Kwenye mengineyo niliandika: wema.
Karani, kijana Osgood, akafuta kwa raba,
akaandika: upepo mkali.

Usiku, Bi Wieczorek anafua joho.
Wamemletea yeye, nani mwingine?
Mikono imezama povuni hadi kwenye viwiko.
"Atarudi, utaona. Matoleo manne, matano,
watasema alikuwa amelala ndani ya jua.
Hawa hawafi, mwanangu, wanapumzika."
"Na mnara?"
"Utafungua ukurasa uukute umesimama.
Hakuna atakayeuliza nani alipandisha matofali."
Maji yanatoka mekundu. Anayabadili.
Anayabadili tena.

Basi nimeanza kutafuta pale wasipochora,
kwenye uchochoro mweupe kati ya kisanduku na kisanduku,
upana wa kidole,
pasipo rangi, pasipo shujaa, pasipo hata theluji.
Naingia kwa ubavu, taa kwenye kofia.
Humo ndimo yalimotokea yote:
mtu akifunga kamba za viatu,
tramu ikikaza breki,
mama akihesabu watoto,
akianza upya kuhesabu.

Jana nilikuta kiputo cha maneno,
kidogo, ukubwa wa sahani,
kimeegemea ukuta. Mkia umekatika,
hakionyeshi kilitoka kinywani mwa nani.
Ndani hamna neno. Vitone vitatu tu.

Pinnock alisema kila sauti iende ziwani.
Nilikifunika kwa koti, nikakipakata hadi nyumbani.
Kipo jikoni, juu ya friji.
Kina joto kidogo.
Kinanuka vitunguu,
au ni mimi, nimetoka kukata vitunguu.