Nje Sufu, Ndani Sufi

Hakutaka dubu. Hakutaka sungura.
Wakesho, wa miaka minne ifikapo Jumamosi,
alimtaka yule ndege wa karibu na uwanja wa Nyayo,
mwenye upara, mwenye mfuko shingoni,
anayesimama juu ya mgunga kama karani mstaafu
anayengoja kuitwa dirishani.
Korongo.
Mama yake alicheka hadi chai ikamwagika.
Mimi nikasema, sawa.
Neno likishamtoka baba, halina pa kurudi.

Mtaa wa Biashara, mwenye duka akanipimia
robo mita ya felti ya kijivu, kipande cheusi,
na kingine cha rangi ya waridi, cha mfuko.
Akaapa kwamba ni sufu tupu.
Nilikinusa: kilinuka plastiki. Nikalipa.
Nilichopenda ni kwamba felti haifumuki ukingoni.
Haikufumwa, ndiyo sababu. Ilisongwa tu,
unyoya juu ya unyoya, hadi ikashikana,
kama sisi wa Mukuru.

Sindano niliishika usiku wa Jumatatu,
kibandani, langoni mwa godauni,
chini ya taa inayolipiwa na kampuni
ili imulike wezi.
Lori likipiga honi, namficha ndege ndani ya kofia.
Saa saba, bawa.
Saa nane nimeshajichoma mara tatu;
kastabini sina, nasukumia kwa kifuniko cha soda.
Bandi zangu za kwanza zilikwenda kama njia ya mbuzi.
Nikafumua. Nikashona. Nikafumua.

Ekiru wa lango la pili alikuja kuazima kiberiti,
akasimama kimya, akaangalia,
kisha akasema kama mtu anayetoa ushahidi:
"Miguu mirefu zaidi. Na iwe myeupe.
Wale hujinyea miguuni ili wapate baridi."
Nikazungusha uzi mweupe juu ya waya,
ncha nikazikunja kwa ndani, zisimchome mtoto.
Kiberiti alikisahau.

Macho ni vifungo viwili
vya mkono wa sare yangu,
fundo tatu tatu, nikavivuta kwa meno kuhakikisha.
Ijumaa, mkaguzi: "Vifungo viko wapi?"
"Viko lindoni, bwana."
Akaniandikia faini ya shilingi mia.

Nyumbani tuna mito miwili na kichwa kimoja kwa zamu.
Nikiingia asubuhi, Mkawasi anatoka;
tunapokezana ufunguo mlangoni, na mtoto,
na joto la godoro.
Mto wa pili, wa sufi, zawadi ya mama mkwe kutoka Voi,
ulikuwa unatukalia bure.
Nikaupasua pembeni.
Nje sufu (tumwamini muuzaji), ndani sufi.
Nikashindilia kwa mpini wa kijiko, kidogo kidogo,
shingo kwanza: shingo ndiyo humsaliti fundi,
ikikosa kujaa, ndege huinamia kifua
kama anayesikiliza habari mbaya.
Mshono wa mwisho, wa mgongoni,
Mkawasi aliupiga mwenyewe, amesimama, mkoba begani,
akakata uzi kwa meno
na kwenda zake kazini.

Jumamosi. Ndege anaegemea kushoto.
Bawa moja limelizidi jingine kwa upana wa kidole.
Wakesho alimpokea, akamgeuza,
akachungulia chini ya mfuko kama mkaguzi,
akahesabu miguu: miwili, sawa.
Kisha akambandika puani, akavuta pumzi ndefu.
"Baba," akasema, "mbona hanuki?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa macho tangu jana.
Nikalaza kichwa kwenye mto uliobaki,
na pale ukingoni mwa usingizi nikamsikia
akimlisha ganda la ndizi, kwa sauti ya mama yake:
"Kula. Jalalani hakuna kuchagua."