Chaki Tumboni mwa Dakota

Baba yangu, Anaclet Mwepu, hakuniachia shamba.
Aliniachia spana ishirini na mbili, moja imepinda,
kopo la grisi, na ndege ya vita
iliyomzidi umri kwa mwaka mmoja.

Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa sita, Luano.
Baridi ya Lubumbashi inakata masikio,
na bati la bawa ukiligusa kwa kiganja kitupu
linakushika kama mdai.

Injini ya kushoto huamka ukiibembeleza.
Ya kulia ina tabia.
Silinda kumi na nne, safu mbili za saba,
kila moja na ugonjwa wake, kama wazee wa parokia.
Inavuja. Acha ivuje.
Siku utakapokuta sakafu kavu, alisema Baba,
usiwashe: ndani hamna kitu.

Washa hii nimeikereza mwenyewe
kutoka kwenye chakavu cha Jekamini,
shaba ya hapa, jasho la hapa,
sasa inaziba pumzi ya mashine ya wageni.

Babu hakuwa rubani. Hakupewa hata bunduki.
Walimtoa Kamalondo, wakamfundisha kufunga bandeji,
wakampeleka Burma kwenye matope na ruba,
akabeba machela za vijana walioshindwa kutamka jina lake,
akawapandisha kwa mlango huu.
Au kwa mlango wa ndege nyingine, dada yake huyu.
Baba aliapa ni hii.
Daftari lake la safari lina kurasa zilizochanwa.
Aliporudi, Babu hakuandikwa kwenye jiwe lolote.
Walimpa baiskeli, tena kwa mkopo.

Wakubwa wa mji walikuja mara mbili na tepu ya kupimia.
Tuipachike juu ya nguzo ya saruji, walisema,
pale barabara zinapokutana, watoto wapige picha.
Baba hakuinua kichwa kutoka kwenye kabureta.
Ndege isiyoruka ni sufuria, akasema,
na mimi sipiki.

Lakini nyumba ya mwisho kabla ya uzio
anakaa Mama Feza Kabwita.
Kila mwaka tukiwasha, anafunga madirisha.
Kwa sababu ndege hii ilibeba pia vita vya kwetu:
mwaka wa sitini na moja ilimchukua kaka yake Donati,
shati jeupe, viatu vya kuazima,
ikarudi bila yeye.
Chini ya bawa kuna viraka saba.
Risasi zile zilitoka chini,
kutoka udongo huu mwekundu ninaoufuta kwenye matairi.

Nilimuuliza Baba: basi tunamkumbuka nani?
Alipangusa mikono kwa tambara muda mrefu,
tambara lenyewe chafu kuliko mikono.
Hakunijibu. Mwezi wa pili tulimzika.

Kwa hiyo leo nimeingia tumboni mwake na chaki.
Nimeandika Babu. Nimeandika wenzake wanne
ambao majina yao Bibi alikuwa akiyataja akitwanga.
Halafu, karibu na mlango: Donati Kabwita.
Ni chaki, si rangi.
Mtikisiko utayafuta kabla hatujatua,
na mwakani mtu itabidi apande tena, apige magoti,
akumbuke herufi.

Tunazungusha panga kwa mkono, tukihesabu.
Kapiteni Polydore anapaza sauti. Kushoto, sawa.
Kulia inakohoa, inatema moshi, inakataa.
Inakataa tena.
Natukana kwa lugha tatu.
Inakubali.

Kisha uwanja unaachia magurudumu,
na mji wote uko chini: bomba refu la moshi,
mlima mweusi wa masalia ya shaba, mabati, miti ya jakaranda isiyo na maua.
Natafuta ile nyumba ya mwisho.
Dirisha moja liko wazi.
Au labda halikufungwa vizuri.
Kwa mwendo huu, na moshi huu, siwezi kuapa.

Shinikizo la mafuta: sitini na tano.
Naandika.