Mstari wa Pili

Katibu anasema aliutunga yeye,
ndani ya basi, wakitoka kufungwa Songea.
Kiswaga, golikipa wa zamani, anaapa
uliletwa na vijana waliotoka jeshini,
enzi za kukimbia na gogo begani.
Na juzi kijana wa redio,
kipaza sauti chake kimevishwa soksi ya manyoya,
ameambiwa ni wimbo wa mababu, wa kuvunia ulezi.
Ameandika. Ametikisa kichwa. Ameondoka.

Mimi ndiye niliyeshika taa.

Njombe, mwezi wa saba, baridi ya kung'ata masikio.
Klabu ya Magome ilikuwa na jezi za marekani
zilizochemshwa kwenye pipa na magome ya miwati
mpaka zikawa rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.
Jezi nzuri. Ila hazikuwa na namba,
na Jumamosi jioni mwamuzi akatuma mtu:
bila namba mgongoni, hakuna mpira.

Wakaja kwa mama, kumi na mmoja na kocha wao,
wakamkuta anamenya viazi.
Editruda Mwalongo, fundi wa Mji Mwema,
alifuta mikono kwenye kanga, akauliza jambo moja:
Nani atalipa?
Klabu, mama. Shilingi themanini na tano.
Kesho, mechi ikiisha.

Kitambaa cheupe nyumbani kilikuwa kimoja,
shuka la harusi yake.
Nilisikia mkasi ukilipita katikati.

Saa saba usiku mkono wangu ukaanza kushuka,
kivuli cha cherehani kikapanda ukutani mpaka darini.
Mama hakugeuka. Aliimba tu:
*Nani kasema tumelala?*
Kisha akabana pini midomoni, sita au saba,
na mstari wa pili ukapitia puani:
*mm-mm-mm, mm-mm-mm-mm, mm, mm-mm.*
Akazitemea kiganjani:
*Taa yetu inawaka!*
Na wachezaji, wamejikunja sakafuni kama magunia,
wakaitikia vilevile alivyoimba,
pini na vyote.

Asubuhi tukakuta tisa ziko mbili, sita hakuna.
Mgaya, beki wa kati, akaingia uwanjani na tisa yake ya usingizi.

Kipindi cha pili ukungu ukashuka.
Ulimeza mpira kwanza, kisha mawinga,
kisha goli lenyewe na nyavu zake za katani.
Wanawake wa kiwandani, waliosimama nyuma ya goli la juu,
wakaanza kuimba ili vijana wajue dunia iko upande gani.
*Nani kasema tumelala?*
Mgaya akapiga kuelekea kwenye sauti.
Lililoingia ni mpira au ni ukungu, sijui.
Mwamuzi alisikia shangwe, akapuliza filimbi.

Siku hizi uwanja una jukwaa la saruji na spika.
Watu elfu nne, wakifika mstari wa pili,
wanafumba midomo kwa pamoja na kuguna,
na timu ngeni, wanasema, husisimka nywele.
Wapo waliofundisha watoto wao pa kuvuta pumzi.

Mwaka wake wa mwisho, wodini Ilembula,
nilimuuliza mama: pale ulipobana pini,
yalikuwa maneno gani?
Alicheka mpaka muuguzi akaja.
Maneno gani tena, mwanangu?
Nilikuwa nawakumbusha:
*shilingi themanini na tano.*

Hesabu mwenyewe kwa vidole, silabi kumi.
Hawakulipa. Kocha alihamia Makambako,
mweka hazina akafa, daftari likaliwa na mchwa,
na shuka likazeeka migongoni mwa watu.

Sijamwambia kijana wa redio.
Jumapili Magome wanacheza na watu wa Iringa.
Nitakaa palepale, nyuma ya goli la juu,
na blanketi langu na chupa ya chai.
Elfu nne watafumba midomo.
Mimi nitafumbua.