Kuku wa Kambi Mbao

Ukitoka Itigi ukaiacha reli mgongoni,
saa moja ya vumbi na vichaka vilivyoshonana hata mbuzi hapenyi,
utamwona kabla hujaona bati la nyumba yoyote:
kuku wa mbao, kimo cha ghorofa mbili,
upanga wake msumeno wa duara, meno juu,
anaikodolea barabara kama mtu anayedai.

Anadai kweli.

Mwaka kiwanda kilipofungwa
tajiri aliondoka na injini, na mikanda, hata kengele ya zamu.
Ntandu, mnoa misumeno, alikuwa anadai mishahara mitatu.
Akaambiwa: chukua mabanzi.
Mabanzi! Migongo ya magogo, magamba bado yamo.
Mbeleje mkewe akahesabu kuni za miaka miwili.
Yeye akahesabu mbawa.

"Wenzio wanajenga choo, wewe unajenga kuku?"
Alijibu akiwa na misumari mdomoni,
kwa hiyo hatukusikia, na mpaka leo kila mtu ana jibu lake.

Mimi nilikuwa mtoto wa kunyoosha misumari iliyopinda,
ishirini kwa kashata moja.
Nakumbuka mninga mbichi unavyotoa utomvu mwekundu,
sakafu ya kiwanda kama machinjioni,
na sisi tukila ugali palepale, nyayo nyekundu,
bila kujiuliza chochote.

Siku hizi unaingilia kifuani, shilingi mia tano.
Unapanda ngazi gizani, unachungulia kwa jicho moja
(la pili lina nyuki, tumewaachia),
kisha unateleza kwenye ubao
unatokea chini ya mkia, matako kwanza,
na Mbeleje, aliyepinga kuliko wote,
ndiye anayekupokea na daftari:
"Yai la mia nne na kumi na mbili. Karibu duniani."
Ametagwa padri. Ametagwa bwana misitu na kofia yake.
Ametagwa bibi harusi wa Manyoni, shela likanasa msumarini,
akaliacha. Kipande bado kinapepea.

Mchwa peke yao hawalipi kiingilio.
Banzi ni nyama ya nje ya mti, si moyo;
moyo ulipanda lori, ukawa vitanda vya watu tusiowajua.
Ubavu wa kushoto tumeuziba kwa msindano wa Mafinga,
mweupe, mwepesi, mvua ikinyesha unalia.
Aliyetuletea aliuliza: kwani hapa kwenu hamna mbao?
Tukakitazama kibao cha kijiji.
Naye akakitazama.
Akapunguza bei.

Ila mwezi wa nane, upepo wa mashariki ukikaza,
kuna asubuhi tunakuta miguuni pa kuku
kitu cha duara, bawa limezunguka, katikati miba,
kama yai la kukaanga lililoota ndevu.
Tunda la mninga.
Watoto wa hapa hawalijui, wanadhani ni mdudu.
Ntandu analigeuza, analinusa, analitia mfukoni.
Basi upo mmoja, mahali fulani huko, umesimama.
Ametukataza kuutafuta.
Na mgeni akiuliza ni nini kile,
Mbeleje anafungua daftari, anaandika *yai*,
namba haweki.