Upande wa Bitana

Mimi fundi cherehani tu, Barabara ya Tano.
Nisiulizwe zaidi ya nilichoshona.

Alikuja na joho la mitumba, mwaka wa mvua haba,
kalichomoa kwenye belo pale Sabasaba:
hariri nyeusi, haina hata ua,
lakini ndani, kwenye bitana, korongo weupe
wanaruka juu ya maji ambayo Dodoma haijayaona.
"Geuza," akaniambia. "Mishono iende ndani.
Hawa ndege hawakai gizani."

Huyo ndiye Ndahani, mtoto wa Mvumi,
ambaye Jumamosi usiku, baa ya nyuma ya stesheni,
aliitwa Sechelela.
Heri lugha yetu ina neno *yeye*:
halivai suruali, halivai gauni.

Utotoni alichapwa kwa sababu ya muheme.
Ngoma ile ni ya kina mama, hubanwa mapajani;
naye akaibana, akaipiga
hata wanawake wakasahau kumfukuza.
Baba yake hakusahau.

Mjini aliosha chupa za mvinyo miaka minne.
Siku mwimbaji wa bendi alipolewa kabla ya wateja,
akatoka jikoni na kanga ya mpishi kiunoni.

Sauti yake, niseme nini.
Ilianzia chini, inakohoa vumbi,
halafu ikapanda mahali
ambapo mtu hujua mamaye alimwitaje.
Makarani wa wizara walileta wake zao.
Wimbo wa kwanza walicheka.
Wa tatu, bia zilipata moto mezani.
Nje wapo waliomngoja na mawe,
wapo waliomngoja na zawadi,
na mara nyingine ni mtu yule yule.

Kisha akaja Mjapani wa visima, bwana Morikawa,
kutiwa zipu. Akaliona joho ukutani.
Akapapasa kwapa. "Hili la kiume.
La kike huachwa wazi hapa.
Na mmeligeuza. Kwetu mwanamume
mapambo huyaficha ndani."

Nilimwambia Sechelela nikidhani ataona haya.
Alicheka wanja ukamchuruzika:
"Miaka kumi na moja napigwa mawe
nimevaa nguo ya kiume!"
Akanyamaza. Akamlaza korongo mmoja kwa kidole.
"Kumbe na huko wanaficha."

Alipokufa, kaka zake walikuja na lori kutoka Mvumi.
Wakaagiza suti nyeusi, ya heshima,
iwe tayari alfajiri.
Nilishona usiku kucha, kibatari kikinitoa machozi.
Shati jeupe, kola imesimama,
vifungo vitatu. Walikagua kola.
Walikagua vifungo.
Bitana ya maiti haikaguliwi na mtu.

Walilipa nusu.
Nyingine sijaifuata.